Elewa, Chango na Kete Nyuma ya Mlango

Nilikuwa na miaka 14 nilipotumwa kumpelekea Dokta sahani ya futari, nikakuta juu ya meza yake kasha la sidii ambalo nyuma yake yaliandikwa majina ya nyimbo katika lugha nisiyoijua. Jina moja lilinisimamisha: "Canto para Elewa y Changó". Maneno mawili katika hayo nilidhani nayafahamu vizuri, kwani elewa ni kitenzi chetu cha kila siku, na chango ni maradhi ya tumbo ambayo bibi yangu alikuwa akiyatibu kwa mizizi ya kuchemsha. Nikamuuliza Dokta, kwa Kiingereza cha kubahatisha, kwa nini Wakuba wanaimba juu ya kuelewa na kuumwa tumbo.

Dokta alikuwa mmoja wa madaktari wa Kuba waliokuja kufanya kazi Unguja, na alipangishiwa fleti inayotazamana na yetu katika yale majengo marefu ya Michenzani. Hakucheka. Aliusukuma mlango wa mbele mpaka ukajifunga, akanionyesha kilichokuwa kimekaa sakafuni nyuma yake: kichwa kidogo cha saruji, hakizidi ukubwa wa ngumi, chenye macho na mdomo vilivyofanywa kwa kete, kete zilezile tunazookota mwambani maji yakiwa yametoka. Mbele yake palikuwa na pipi tatu na kipande cha sigara nene. "Huyu ndiye Elewa," akasema. Kisha akaitia sidii kwenye redio, ngoma zikaanza, akanyoosha kidole hewani: "Na Chango ndiye huyo."

Nilirudi nyumbani na sahani tupu na habari nyingi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia vile ni vitu vya kishirikina na nisiviguse, ila futari ya jirani iendelee kupelekwa kama kawaida.

Sasa imepita zaidi ya miaka 20. Kihispania nilikianza kwa Dokta mwenyewe, nikakiendeleza kwa vitabu na kwa nyimbo, na leo sehemu ya riziki yangu inatokana na kutafsiri nyaraka za watu. Katika muda wote huo nimekuwa nikisikiliza rap ya Kihispania, na nimesoma maelezo mengi yanayosifu taswira zake za ghaibu, mizimu, watakatifu na moto wa jehanamu, kana kwamba rapa alikaa akachagua pambo la kulivika shairi lake. Mimi niliingia katika muziki huu kupitia mlango wa Dokta, kwa hiyo nimekuwa nikiona jambo jingine. Viumbe wa ghaibu wanaotajwa katika mashairi haya, karibu wote, ni walinzi wa mahali fulani. Wanakaa mlangoni, njia panda, kwenye lango la makaburi, kwenye lango la moto. Na maisha ya mtaani, yawe ya Havana, ya Caracas au ya Mexico City, ni maisha ya kupita kwenye malango yanayoshikwa na watu wengine: polisi, vijana wa kona, askari magereza, afisa wa viza. Aliyekulia katika maisha hayo hamwendei mlinzi kwa falsafa. Humwendea na kitu mkononi.

Sidii ile ilikuwa ya kundi la Orishas, albamu yao ya kwanza, A lo cubano, iliyotoka mwaka 1999. Kundi lenyewe lilizaliwa Paris. Yotuel na Ruzzo, waliokuwa wakirapu Havana katika kundi lililoitwa Amenaza, walijiunga huko na Roldán, mwimbaji mwenye sauti ya son, muziki wa asili wa Kuba, ya kizamani, pamoja na Flaco-Pro. Wimbo wao uliovuma sana, "537 C.U.B.A.", umejengwa juu ya "Chan Chan", wimbo wa mkongwe wa Kuba Compay Segundo, na jina lake ni mwanzo wa namba ya simu: 53 ni Kuba, 7 ni Havana. Ni wimbo wa mtu anayepiga simu nyumbani kutoka mbali. Kiswahili kina neno la mahali alipo mtu huyo, ughaibuni, na sioni kuwa ni ajali kwamba neno hilo limechipuka katika shina moja na ghaibu. Aliye ughaibuni haonekani kwa waliobaki, nao kwake wamekuwa sauti tupu, kama walivyo wafu.

Katika Regla de Ocha, dini iliyopelekwa Kuba na Wayoruba waliouzwa utumwani, ambao huko waliitwa Lucumí, hakuna ibada inayoanza kabla ya kumsalimu Elegguá, ambaye katika nyimbo huitwa pia Elewa. Yeye ndiye mwenye funguo za njia. Ni mtoto mtundu na ni mzee kwa wakati mmoja; siku yake ni Jumatatu, rangi zake nyekundu na nyeusi, na anachopenda ni pipi, moshi wa sigara na ramu inayotemwa kutoka kinywani mithili ya manyunyu. Asiposalimiwa kwanza, anaweza kuifunga njia kwa kujifurahisha tu. Kwa hiyo wimbo unaomtanguliza Elewa ndipo ukamfikia Changó, mwenye radi na ngoma, umefuata itifaki ambayo kila mtoto wa Havana ameiona sebuleni kwa mtu. Changó naye ana maskani mawili. Tarehe 4 Disemba Wakuba husali mbele ya sanamu ya Santa Bárbara, mtakatifu wa Kikatoliki aliyevaa nyekundu na kushika upanga, na wengi wao wanajua vizuri ni nani mwingine anayesimama pale.

Dokta aliniita "asere". Nilidhani ni jina la utani alilonitungia, mpaka nilipomsikia akimwita hivyo dereva, muuza urojo, na mtu aliyemkanyaga mguu kwenye daladala. Ni neno la mtaani, kama mshikaji au mwanangu kwetu, na marapa wa Kuba hawamalizi ubeti bila ya kulitaja. Lakini neno hilo linahusishwa na Abakuá, chama cha siri cha wanaume kilichoasisiwa Regla, ng'ambo ya ghuba ya Havana, mwaka 1836, kwa mila za watu wa pande za Calabar, Afrika Magharibi. Wengi wa wanachama wake walikuwa makuli wa bandarini. Salamu ya ndani ya chama ikatoka nje pamoja na makuli, ikazunguka vijiweni, ikawa ya kila mtu. Ecobio, yaani ndugu, nalo likatoka hivyohivyo. Mtu anayesema kwamba rapa wa Kuba amechanganya lugha ya mtaani na lugha ya ibada anakosea hesabu tangu mwanzo, kwa kuwa lugha ya mtaani ya Havana ilitoka msituni kwenye kiapo kabla haijafika kwenye kona.

Na kuna nganga. Nakumbuka nilivyoshtuka nilipokutana na neno hilo. Wakuba wenye asili ya Kongo wana dini yao iitwayo Palo, na katika Palo nganga si mtu. Ni chungu au sufuria la chuma lenye vijiti, udongo wa makaburini na mifupa, ambamo roho ya maiti hukaa na kumfanyia kazi mwenye chungu. Mwenye chungu huitwa tata nganga. Huyo tata, baba, namfahamu. Nganga namfahamu zaidi, kwa sababu ni shina lilelile la mganga na uganga wetu, ila huku tumemwita mtu kwa jina hilo na wao wakakiita chombo. Wapalo wanapokutana, mmoja husema "nsala malekun" na mwenziwe hujibu "malekun nsala". Nilipomsomea mama salamu hiyo aliiitikia kabla hajafikiri, kisha akanitazama kwa ukali kana kwamba nimemlaghai.

Nimetaja kete, na sitaki zipite hivihivi. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Ulaya, wakiwemo Wajerumani wa Hamburg, walipakia kete za pwani ya Afrika Mashariki kutoka Zanzibar kwa shehena za majahazi makubwa, wakazizungusha mpaka Afrika Magharibi ambako kete zilikuwa fedha halali, wakanunulia mafuta ya mawese. Walizimwaga nyingi mno hata thamani yake ikaporomoka, ukawa mfumuko wa bei wa kombe. Kabla ya hapo, kete za Maldivi zilikuwa zimekwishanunua watu huko kwa muda mrefu. Vitu hivyo vilivyokuwa bei ya mtu ndivyo ambavyo wazao wa waliouzwa walivichukua Kuba wakampa Elewa viwe macho yake, na ndivyo hutupwa mkekani, 16 kwa mpigo, katika ramli yao. Dokta alisema za kwake alirithi kwa bibi yake. Alipofika Unguja na kuziona zimelala bure mwambani, aliniambia, alikaa chini.

Kwetu neno kete limeshika njia yake. Wazee wanalijua kwa kombe na kwa mchezo wa bao. Vijana wa rika langu wanalijua kwa kipakti kidogo cha heroini. Magazeti huandika kwamba fulani amekamatwa na kete kadhaa, na hakuna msomaji anayedhani alikuwa akicheza bao. Mwenzangu mmoja wa chuoni, tuliyekaa naye mkeka mmoja tukisoma juzuu, alianza kuvuta, kisha akaanza kujidunga, na mwaka 2012 alikutwa amekufa katika nyumba isiyokwisha kujengwa. Mama yake alimjua aliyekuwa akimuuzia. Mtaa mzima ulimjua. Aliyekwenda kutoa taarifa alirudi akiwa ameambiwa alete ushahidi. Basi yule mama akafanya ambalo watu wa kwetu hulifanya wakiona malango ya duniani yamefungwa: aliomba isomwe halbadiri. Kwa asiyeijua, ni kisomo kinachotaja majina ya watu wa Badri ili dhalimu asiyefikiwa na mkono wa mtu afikiwe na mkono usioonekana. Kwa kawaida husomwa dhidi ya wezi. Nilikuwepo siku hiyo. Chumba kilijaa ubani, na hakuna aliyeita tulichokifanya taswira.

Mwaka uleule rapa wa Venezuela, Canserbero, alitoa albamu yake Muerte. Nisingependa kusema kwamba mkono wa majaaliwa ulikuwa kazini; niliisikia kwa sababu mtu alinitumia. Ila niliisikia nikiwa katika hali hiyo, na huenda ndiyo sababu mpaka leo siwezi kuizungumzia kama mhakiki.

Jina lake halisi ni Tirone José González Orama, aliyezaliwa Caracas tarehe 11 Machi 1988 na kukulia Maracay. Jina la jukwaani alilijenga kwa Can Cerbero, mbwa wa Wagiriki wa kale mwenye vichwa vitatu aliyefungwa kwenye lango la kuzimu ili waliomo wasitoke. Katika mitaa ya Venezuela kijana wa kona hujipa jina la bunduki au la chui. Huyu alijipa jina la bawabu. Alitoa albamu mbili za peke yake zenye majina yanayotazamana, Vida mwaka 2010, kisha Muerte, uhai na mauti, na katika hiyo ya pili umo wimbo unaoitwa "Es épico".

Kisa chake ni chepesi kukieleza. Mtu ameuawa, mwenzake anatoka kwenda kulipiza, naye anauawa. Nyimbo nyingi za mtaani huishia hapo, kwa mama anayelia au mshumaa. Hapa ndipo hadithi inapokaza mwendo, kwa kuwa msimulizi anajikuta jehanamu na kesi yake bado haijafungwa. Ninachokistahi zaidi ni kwamba sauti yake haibadiliki. Hakuna kinanda kinachoingia kutuarifu kuwa tumevuka mpaka, wala lugha haipandi mimbari. Anaitembea jehanamu kama anavyoutembea mtaa asioujua usiku, akiangalia nani amesimama wapi na nani ana nguvu. Ukiisikiliza mara ya pili unabaini kuwa mtaa wa mwanzo nao ulisimuliwa kwa macho hayohayo, hata swali la ni wapi hasa jehanamu ilipoanzia linakuwa gumu kujibu.

Huko Venezuela mambo haya yana nyumba yake. Kuna ibada ya María Lionza, malkia wa mlima wa Sorte katika jimbo la Yaracuy, ambako kila tarehe 12 Oktoba waumini hukanyaga makaa ya moto. Chini yake roho zimepangwa katika mabaraza, na baraza mojawapo ni la wahuni: corte malandra. Malandro ni jambazi wa mtaani, na hawa ni majambazi waliouawa ambao wamegeuka watakatifu. Mashuhuri wao ni Ismael, ambaye watu humfuata kwenye makaburi ya kusini mwa Caracas. Sanamu zake huuzwa zikiwa na kofia iliyogeuzwa pembeni, miwani myeusi, na bastola iliyochomekwa kiunoni. Huwashiwa sigara ikawekwa mdomoni, humiminiwa kileo, na akina mama humwomba vitu mahususi sana: mwanangu atoke jela mzima, mwanangu asiingie kwenye genge, risasi ya leo usiku impite mwanangu. Nani mwingine wa kuombwa hayo, ikiwa mhuni ndiye aliyeshika mlango wa mtaa alipokuwa hai?

Hapa mfasiri hupata raha yake ndogo. Yule ambaye roho humwingia, katika ibada ile ya Venezuela, anaitwa materia. Msaidizi anayemwangalia asiumie anaitwa banco, na banco kwa Kihispania ni benchi. Unguja, anayepandwa na pepo tunamwita kiti. Hakuna udugu wa maneno hapo, ni samani tu zilizokutana, lakini nilipoiona nilifunga kitabu nikatembea kidogo. Na pepo wetu wa kibuki, wanaosemekana kutoka Bukini, yaani Madagaska, wakipanda hutaka brandi, kama vile Ismael anavyotaka chake. Aliyekufa na kiu haachi kiu kaburini.

Sisemi kwamba Canserbero alikuwa muumini wa baraza hilo. Vyanzo vyake ni vya msomaji: Wagiriki, Biblia, falsafa iliyosomwa usiku bila ya mwalimu. Ninasema alirapu kwa watu ambao tayari walikuwa na mazoea ya kusikia mhuni aliyekufa akiendelea kuzungumza, kwa lafudhi yake ileile ya mtaani, akitaka sigara. "Es épico" haikuhitaji kuwafundisha chochote.

Katika albamu hiyohiyo kuna "Jeremías 17-5", wimbo wa kutomwamini mtu na wa usaliti wa marafiki, ambao jina lake ni anwani ya aya. Katika Biblia ya Kiswahili aya hiyo inasomeka: "Amelaaniwa mtu yule amtegemeaye mwanadamu." Mhubiri angekimbilia aya ya 7 na ya 8, zilizo na baraka kwa anayemtegemea Mungu, kama mti uliopandwa kando ya maji. Rapa amesimama kwenye ya 5. Wapo wanaoona hapo upungufu wa imani. Mimi naona uaminifu wa mtaani, kwa maana laana ile ameihakiki mwenyewe kwa macho, na mti ule hajauona.

Alikufa Maracay tarehe 20 Januari 2015, akiwa na miaka 26. Kwa karibu miaka tisa maelezo rasmi yalikuwa kwamba alimuua mwanamuziki mwenzake, Carlos Molnar, kisha akajirusha kutoka ghorofa ya 10. Mashabiki hawakukubali, na mwishoni mwa mwaka 2023 mwanasheria mkuu wa serikali ya Venezuela alitangaza kuwa aliyekuwa meneja wake amekiri kuwaua wote wawili. Tangu hapo nyimbo zake zimegeuzwa buruji za wapiga ramli: angalia alivyosema hapa, angalia jina la albamu, angalia aya ya usaliti, alijua. Naielewa hamu hiyo, lakini inanikera. Kijana wa Venezuela wa miaka ile aliyetaja kifo hakuhitaji kutabiri. Alihitaji kutazama dirishani. Kumfanya nabii ni kumtoa mtaani na kumweka juu ya rafu, na pia ni kuwapa nafuu waliomchafua jina kwa miaka tisa, maana kilichoandikwa mbinguni hakina mtu wa kuulizwa.

Kuhusu Meksiko nitakuwa mfupi, kwa sababu moyo wangu hauko huko sana. Cartel de Santa, kundi la Santa Catarina, Nuevo León, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2002, wana wimbo kwa ajili ya Santa Muerte, yule mauti aliyevikwa mavazi ya bibi arusi au ya bikira, fuvu likiwa wazi na mundu mkononi. Ibada yake ni ya zamani, iliyofanyika uvunguni, mpaka Enriqueta Romero, muuza vyakula wa Tepito, kitongoji cha soko na magendo katikati ya Mexico City, alipomtoa hadharani mwaka 2001 kwa kumweka kwenye kioo cha nyumba yake. Kila tarehe mosi ya mwezi barabara hufurika watu waliobeba sanamu zao kama watoto wachanga. Kanisa Katoliki limeilaani ibada hiyo, na mwaka 2009 jeshi lilibomoa vihekalu vyake huko Nuevo Laredo kwa buldoza, kwa hoja kwamba ni mtakatifu wa wauza unga.

Ni kweli wauza unga humwomba. Humwomba pia polisi, makahaba, madereva wa teksi na wake za wafungwa, kwa sababu yeye hachagui. Wanamwita Flaquita, kijembamba changu; wanamwita Niña Blanca, binti mweupe; wanampa tekila, tufaha, na moshi wa sigara usoni. Majina hayo ya kubembeleza ndiyo yenye ushairi wote. Mtu anayemwita mauti "kijembamba changu" anajaribu kuzoeana na bawabu wa lango la mwisho kabla hajafika, kama mchuuzi anayemjua askari wa soko kwa jina la mtoto wake. Rap inaposhika hapo, inanishika. Inapobaki na fuvu tu, kwenye jalada, kwenye fulana, kwenye mkufu wa dhahabu, huwa ni nembo ya biashara, na siku hizi fuvu limekuwa jepesi kiasi kwamba halimwogopeshi hata mtoto. Orishas nao, kusema haki, waliwauzia Wazungu miungu yao kwa bei nzuri. Tofauti ni kwamba walimsalimu mlinzi kwanza.

Vico C wa Puerto Rico anapaswa kutajwa, ingawa yeye alichagua mlango mwingine. Ndiye miongoni mwa waasisi wa rap ya Kihispania, mtoto wa Puerta de Tierra, San Juan, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1971, akapita kwenye dawa za kulevya na kuokoka, na mwaka 1998 akatoa albamu aliyoiita Aquel que había muerto, yule aliyekuwa amekufa. Jina hilo linagusa maneno ya baba wa mwana mpotevu: "alikuwa amekufa, naye amefufuka". Nilitamani mwenzangu wa chuoni angepata siku moja ya kusema hivyo. Ni albamu ya mtu aliyefunguliwa mlango bila ya kulipa, na labda ndiyo maana haina wasiwasi ule unaonivuta kwa wengine.

Mwaka jana nilijaribu kuitafsiri "Es épico" kwa Kiswahili, kwa ajili yangu mwenyewe. Matusi hayakunisumbua, Kiswahili kinayo ya kutosha. Kilichonikwamisha ni infierno. Nikiandika motoni, nasikia sauti ya madrasa. Nikiandika jehanamu, nimemhukumu mtu tayari, ilhali yeye amefika kama mdai. Kuzimu lina utulivu wa mizimu, wazee waliolala, na mahali pake pale si pa kulala. Nilibadili neno hilo mara nyingi mpaka nikaamua kumpigia simu Dokta, aliyerudi kwao Matanzas, Kuba, zamani na sasa amestaafu. Siku aliyoondoka Unguja alimfunga Elewa katika taulo akambeba mkononi ndani ya ndege, hakumtia mzigoni, na mimi akaniachia sidii zake zote.

Alisikiliza shida yangu kwa makini. Hampendi sana Canserbero, anaona ana huzuni isiyochezeka, lakini suala la mlango alilishika mara moja. Akaniuliza kama katika moto wetu, ule wa Kiswahili, kuna mtu anayekaa langoni, kwa sababu mahali hujulikana kwa anayepalinda. Nikamwambia yupo, ni malaika, anaitwa Malik. Katika Qurani waliomo ndani humwita kwa jina lake wakimwomba Mola wao awamalize tu, naye huwajibu kwamba watakaa humohumo.

Dokta akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku wake, na mtu akipita barabarani akiuza kitu kwa sauti. Kisha akasema Elewa hula pipi, na yule mbwa wa Wagiriki, kwa alivyosoma, alitupiwa mkate wa asali akalala. "Huyo Malik wenu, asere, mnampa nini?"

Nikamjibu kwamba hapewi kitu.